"Part 2 Lini?" Swali Dogo Linaloua Muvi za Kutisha

Kuna dogo mmoja pale Manzese, jina lake libaki kapuni, siku hizi anatembea na mawazo utadhani kafiwa. Kumbe hajafiwa. Ana ofa mezani.

Stori iko hivi. Miezi kadhaa nyuma dogo alirekodi muvi fupi ya kutisha kwa simu yake, tena simu yenyewe kioo kimepasuka kona. Dakika 11 tu. Sehemu ya kurekodia ni nyumba ya kupanga anayokaa mwenyewe, na staa wake ni dada wa chumba cha tatu ambaye kazi yake ya kila siku ni kukaanga chipsi. Kisa chenyewe: huyu dada kila usiku anasikia ndoo inaburuzwa kwenye korido. Kraa, kraa, kraa. Usiku wa kwanza sauti iko kule uani kwenye bomba. Usiku wa pili imefika chumba cha kwanza. Wa tatu, chumba cha pili. Akiuliza wapangaji wenzake, kila mtu anasema yeye alilala fofofo. Mwisho wa muvi asubuhi anafungua mlango, ndoo iko mbele yake, imejaa maji mpaka pomoni, na sakafu ya korido nzima ni kavu. Basi, imeisha.

Hakuna jini lenye macho mekundu, hakuna damu, hakuna mganga na manyoya ya kuku. Watu wakachizika nayo! Ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kuna waliosema wameacha kwenda chooni usiku peke yao. Na chini yake, komenti juu ya komenti, swali likawa lile lile: "Part 2 lini?"

Sasa kaibuka mdhamini mmoja mwenye hela zake, naye jina kapuni. Anataka part 2. Tena hataki 2 tu, anataka mpaka part 5, zote zitoke ndani ya miezi mitatu. Ana masharti mawili: anayeburuza ndoo lazima aonekane, na jina la muvi pamoja na wahusika wake viwe mali ya mdhamini. Mkwanja aliouweka mezani unalipa kodi ya mwaka mzima na chenji inabaki. Na kodi ya dogo, ile ya miezi sita, inaisha mwezi ujao.

Mpaka sasa hajasaini. Mtaa mzima unamwambia asaini haraka kabla tajiri hajabadili mawazo. Lakini kabla kalamu haijagusa karatasi, kuna historia ya huko Marekani ambayo yeye na wote wanaomsukuma wangefaa kuijua. Hiki kinachomtokea yeye kiliwatokea wenzake wenye majina makubwa, na kilivyoisha kinajulikana.

MUVI YA DOLA 15,000

Anza na Paranormal Activity. Jamaa anaitwa Oren Peli, wala hakuwa dairekta, alikuwa mtu wa kuandika programu za magemu ya kompyuta. Mwaka 2006 akarekodi muvi nyumbani kwake San Diego kwa muda wa wiki moja hivi, bajeti kama dola 15,000. Waigizaji wake wawili wakuu hawakuwa na jina lolote, wakatumia majina yao ya kweli, Katie na Micah. Skripti ya kukariri hakuna. Wanapewa tukio, wanaongea wenyewe kama watu wanavyoongea nyumbani.

Kamera imesimama tu kwenye kona ya chumba cha kulala. Saa inahesabu chini ya kioo. Mlango unasogea kidogo. Ni hivyo tu! Na mtu mzima na ndevu zake anakumbatia mto kwa sababu ya mlango uliosogea inchi mbili.

Ilipoingia kumbi za sinema 2009 ikavuna kama dola milioni 193 duniani. Hapo ndipo wakubwa walipopiga hesabu zao. Kama dola 15,000 imezaa milioni 193, basi milioni 3 itazaa nini? Part 2 ikatoka 2010. Part 3 ikatoka 2011. Part 4, 2012. Nyingine 2014, nyingine 2015, na nyingine tena 2021.

Haki itendeke: part 3 ilikuwa kali, na ndiyo iliyoingiza hela nyingi kuliko zote, zaidi ya dola milioni 200. Sababu yake ni rahisi sana. Mhusika mmoja anachukua feni, anatoa mapanga yake, anafunga kamera juu ya ile mashine inayogeuka kushoto na kulia. Kamera inageuka polepole kwenda jikoni, mtazamaji anasikia kitu sebuleni, anataka kuona, lakini kamera inajigeuza kwa muda wake, haina haraka na mtu. Feni tu! Feni inayopatikana hata Kariakoo. Ile ndio akili ya mtu asiye na hela, ikatumika ndani ya muvi yenye hela.

Baada ya hapo mambo yakaenda mrama. Ile ya 2015, The Ghost Dimension, ikaja na bajeti ya dola milioni 10 na teknolojia ya 3D. Wakatengeneza kamera maalumu ndani ya hadithi inayoweza kumuona pepo. Yaani yule ambaye muvi ya kwanza ilikataa kumuonesha hata kidole, sasa anaelea chumbani kama moshi mweusi wa tairi. Milioni 10 ukigawa kwa 15,000 unapata 666 na pointi zake. Namba ya shetani kabisa. Bajeti imepanda mara 666, na hofu imeisha. Mapato yakashuka mpaka milioni 78 hivi.

Dogo wa Manzese asome tena sharti la kwanza la mdhamini wake. Anayeburuza ndoo lazima aonekane.

MCHAWI ASIYEONEKANA

Miaka kumi kabla ya hapo kulikuwa na The Blair Witch Project, mwaka 1999. Vijana watatu wanaingia msituni Maryland kutafuta habari za mchawi, wanapotea. Waigizaji walishika kamera wenyewe. Upigaji wa msituni ulichukua siku 8 tu, na kila siku madairekta walikuwa wanawapunguzia chakula ili ule ugomvi na uchovu uwe wa kweli. Wakatengeneza na tovuti inayosema vijana hao wamepotea kweli, na mabango ya kuwatafuta. Intaneti ilikuwa bado changa, watu wengi wakaamini. Mapato yakakaribia dola milioni 250.

Mchawi mwenyewe haonekani hata mara moja. Kuna mawe yamepangwa, kuna vijiti vimefungwa vikaning'inizwa mitini, na ile picha ya mwisho ya mtu amesimama ukutani akiwa ameupa mgongo mlango. Waliowahi kuiona hawajaisahau.

Mwaka mmoja na miezi michache baadaye, Oktoba 2000, part 2 ikawa tayari iko kumbini. Bajeti dola milioni 15. Dairekta mwingine, mtindo mwingine, ile kamera ya kushikwa mkononi ikawekwa pembeni. Ikawa muvi ya kutisha kama muvi yoyote ya kutisha, na watu wakaiona hivyo hivyo. Mapato yakaporomoka mpaka kwenye milioni 47. Jina likalala mpaka 2016 walipojaribu tena, nayo ikapita kimya kimya.

Ukiweka hizi mbili pamoja utaona jambo ambalo mashabiki wengi wanalikosea. Watu wanasema muvi za kutisha za bei chee zinazidi kuwa mbovu kwa sababu hazina hela. Si kweli. Ile ya kwanza ndiyo isiyokuwa na hela kuliko zote! Umaskini ndio uliomlazimisha Peli aogopeshe watu kwa mlango. Umaskini ndio uliomficha mchawi wa Blair. Hela ilipokuja ikanunua majibu, na muvi ya kutisha ikishajibu kila swali inabaki na nini?

BARAKOA YA DOLA MBILI

Hata huko nyuma zaidi ni yale yale. Halloween ya John Carpenter, 1978, ilitengenezwa kwa bajeti ya kama dola 300,000 na kitu. Sura ya yule muuaji, Michael Myers, ni barakoa ya dukani ya Kapteni Kirk wa Star Trek, iliyonunuliwa kwa chini ya dola mbili, wakaipaka rangi nyeupe. Hadithi inatokea majira ya majani kupukutika lakini walirekodi California wakati ambao majani hayapukutiki, kwa hiyo wakapaka rangi majani ya bandia, wakayamwaga barabarani, tukio likiisha wanayaokota wanayabeba kwenda tukio linalofuata. Muziki, ile piano inayokimbia, kapiga Carpenter mwenyewe.

Kwanini Michael anaua? Muvi ya kwanza haisemi. Anasimama nyuma ya kamba ya nguo, anaangalia. Unajiuliza kwanini, hupati jibu, na ndio maana ukifika nyumbani unachungulia dirishani.

Part 2 mwaka 1981 ikaja na jibu: kumbe yule binti anayemuwinda ni dada yake. Part 6 mwaka 1995 ikaja na jibu kubwa zaidi: kumbe kuna kundi la siri, kuna laana, kuna alama. Likawa ni suala la ukoo na ushirikina, kikao cha familia. Mwaka 2018 walipotaka kuirudisha Halloween kwenye chati, walifanya kitu kimoja cha busara. Walifuta kila kilichotokea baada ya 1978, kana kwamba part zote zile hazijawahi kuwepo. Miaka 40 ya majibu ikatupwa kapuni ili swali la kwanza lirudi. Na ikalipa.

OKTOBA NI OKTOBA

Tatizo la pili ni haraka. Na kwenye haraka mfano mzuri ni Saw.

Saw ya 2004 ilikuwa kazi ya vijana wawili kutoka Australia, James Wan na Leigh Whannell. Watu wawili wamefungwa minyororo kwenye choo kichafu, katikati kuna mtu amelala kwenye damu. Siku 18 za kurekodi, bajeti kama dola milioni 1.2, mapato yakapita milioni 100. Ile dakika ya mwisho, yule mtu wa katikati anapoinuka... aliyeiona anajua, ambaye hajaiona asiambiwe.

Baada ya hapo ikawa kila Oktoba lazima Saw itoke. 2005, 2006, 2007, 2008, 2009, 2010. Muvi 7 ndani ya miaka 7 bila kupumzika, kama kodi ya pango. Jigsaw mwenyewe alikufa kwenye part 3, lakini tarehe haijui kama mtu kafa. Ikabidi wamrudishe kwa kumbukumbu, kwa kanda alizorekodi kabla hajafa, kwa wanafunzi wake, kwa wanafunzi wa wanafunzi wake. Kufika part 5 mtu anahitaji daftari ili ajue nani alikuwa polisi na nani alikuwa na siri na nani.

Oktoba 2009 ikatokea kitu kama mzaha. Saw ya 6 ikakutana kumbini na Paranormal Activity ya kwanza. Ile yenye jina kubwa na mashine za kukata watu ikapigwa bao na mlango unaosogea. Na ajabu ni kwamba aliyeshinda hakujifunza kutoka kwa aliyeshindwa. Mwaka uliofuata tu, Paranormal Activity nayo ikaanza kutoa part yake kila Oktoba, akapita njia ile ile, akaangukia shimo lile lile.

Wazo zuri la kutisha halikai kwenye foleni likisubiri Oktoba. Mtu anaweza kukaa miaka mitano ndio akapata ile sauti ya ndoo. Mdhamini anataka ndoo nne nyingine ndani ya miezi mitatu. Hata ikiwa dogo ana kipaji cha ajabu, atazitoa wapi? Atafanya walichofanya wenzake: atarudia ile ile, ataongeza kelele, ataongeza damu, na mawazo yakiisha kabisa atampeleka jini angani.

Huo sio utani. Leprechaun, yule kibwengo mwenye kofia ya kijani, part 4 alipelekwa anga za juu. Hellraiser part 4 nayo ikafika anga za juu. Jason wa Friday the 13th, muuaji wa kando ya ziwa, part 10 akapelekwa anga za juu. Wauaji watatu tofauti na safari ni moja. Ukiona muuaji kapanda roketi ujue chumba cha waandishi kimebaki na viti vitupu.

MWENYE JINA NA ASIYE NA JINA

Sharti la pili la mdhamini ndilo linalotisha zaidi, kwa sababu halionekani kama linatisha. Jina la muvi na wahusika viwe mali yake.

Hellraiser ilianzishwa na Clive Barker mwaka 1987, kutokana na hadithi aliyoiandika mwenyewe, bajeti kama dola milioni moja. Yule kiumbe mwenye misumari kichwani akawa maarufu duniani. Lakini jina halikubaki mikononi mwa Barker. Part zikaendelea bila yeye, zikaanza kwenda moja kwa moja kwenye DVD bila kupita kumbini. Baadhi zilianza kama skripti za hadithi nyingine kabisa, wakamchomeka kiumbe wa misumari dakika chache ili jina liuze.

Mwaka 2011 ikatoka Hellraiser: Revelations. Hii ilitengenezwa mbio mbio, ndani ya wiki chache, kwa sababu kampuni ilikuwa inapoteza haki za jina hilo kama haitatoa muvi mpya. Yaani muvi ilitengenezwa ili karatasi isife. Hata Doug Bradley, aliyeigiza kiumbe yule kwenye part zote zilizotangulia, aliikataa. Barker naye alitoka hadharani akaikana, akasema haimhusu. Lakini kuikana hakukumsaidia kitu kwa wakati ule. Iko sokoni, jina la Hellraiser liko juu, na mtoto aliyekutana nayo kama Hellraiser yake ya kwanza anadhani Barker ndivyo alivyo.

Hapo ndipo dogo anatakiwa kukaa chini na kufikiria. Akisaini, siku akichoka, siku akigombana na mdhamini, siku akisema part 4 haina maana, mdhamini atachukua dairekta mwingine na dada mwingine na ndoo nyingine, na maisha yataendelea. Yule dada wa chipsi aliyefungua mlango wake asubuhi ile ataona mtu mwingine anafungua mlango ule kwa jina lake.

KWA HIYO WALE WAFANYABIASHARA NI WAJINGA?

Hapana. Hili lisemwe wazi, maana mashabiki wengi wanadhani maproduza hawajui wanachofanya. Wanajua sana. The Ghost Dimension iliyochekwa na kila mtu ilitumia milioni 10 ikaingiza milioni 78. Hata ukitoa za wenye kumbi na matangazo, huyo mtu hakulala njaa. Muvi ya kutisha haihitaji staa mkubwa, haihitaji nchi tatu za kurekodia, na jina likishajulikana linajitangaza lenyewe. Ukitoa mbovu unapata, ukitoa nzuri unapata zaidi kidogo lakini umechelewa. Kwa mwenye hela, mbovu ya haraka ni hesabu nzuri.

Anayepata hasara ni mtazamaji aliyechoma bando lake, na aliyebuni kitu ambacho sasa kinachekwa. Hao wawili ndio hawapo kwenye hesabu ya mwenye hela.

Na Bongo haina haja ya kwenda Marekani kulijua hili. Enzi za DVD kila mtu anakumbuka: hadithi ya saa moja na nusu inakatwa katikati, part 1 na part 2, kila moja na bei yake. Ili zitoshe, mlinzi anafungua geti, gari inaingia, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea mpaka barazani, na muziki wote unapigwa mpaka mwisho. Watu walivumilia, wakavumilia, halafu wakahamia kwenye tamthilia za Kikorea, Kifilipino na Kituruki, na wengi hawakurudi. Wakati miaka ya 2000 watu walikuwa wanatishika kweli na muvi za nyumbani kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, zenye mashetani ya huku huku yanayojulikana kwa bibi zao. Hofu ya Kiswahili ilikuwepo na ilikuwa na soko. Mtu wa Manzese anaogopa sauti ya ndoo kwa sababu kila siku ya maisha yake anasikia ndoo. Hicho Hollywood hawana.

WALIOFANIKIWA WALIFANYAJE?

Ingekuwa uongo kusema kila part 2 ni takataka. Wapo waliotoboa.

Terrifier ya Damien Leone, 2016, ilikuwa muvi ya hela ndogo sana yenye mchekeshaji muuaji anayeitwa Art. Watu wakampenda Art lakini wakalalamika: hadithi iko wapi, na wahusika wengine mbona kama mboga tu za kukatwa? Leone akasikia. Akaomba mashabiki wamchangie kwenye mtandao dola 50,000, wakamchangia zaidi ya 200,000. Part 2 ikatoka 2022, miaka sita baadaye! Safari hii akaweka binti mwenye familia, mwenye maisha, mwenye sababu ya kupigana. Kwa bajeti ya kama dola 250,000 akaingiza karibu milioni 15. Part 3 ya 2024 ikatumia milioni 2, ikapata kama milioni 90. Mwenye wazo ni yule yule, mwandishi ni yule yule.

Saw nayo ilizinduka. 2023 ikatoka Saw X, wakaacha wanafunzi wa wanafunzi, wakarudi kwa mzee Jigsaw mwenyewe akiwa hai, anaumwa kansa, anatapeliwa na madaktari feki. Mtazamaji akajikuta anamuonea huruma muuaji. Wachambuzi wakaipa maksi kuliko Saw yoyote iliyotangulia.

Hata ile ya dubu, Winnie-the-Pooh: Blood and Honey ya 2023, iliyozoa tuzo za Razzie kwa ubovu ikiwemo ya muvi mbovu kuliko zote, part 2 yake ya 2024 ilionekana kuwa na nafuu. Waliangalia kilichochekwa, wakatengeneza sura mpya za wale wanyama, wakaandika hadithi yenye kichwa na miguu.

Hizi tatu zinafanana kwa kitu kimoja. Kabla ya kuuliza "tutoe lini," waliuliza "ile iliyopita ilikosea wapi." Basi.

SASA DOGO AFANYEJE?

Rahisi kumwambia mtu akatae hela wakati kodi sio yako. Kodi ya dogo inaisha mwezi ujao na mama mwenye nyumba hapokei sanaa. Kwa hiyo kumwambia achane ile karatasi ni ushauri wa watu walioshiba.

Lakini kati ya kusaini na kuchana kuna njia. Kwanza, ile kazi ya dakika 11 aisajili COSOTA kabla hajakaa kikao kingine, ili ijulikane ni ya nani. Pili, amwambie mdhamini kwamba anampa muvi moja, sio nne, na anampa ruhusa ya kuionesha kwa muda fulani, jina linabaki la aliyelibuni. Mdhamini akikataa hilo basi alikuwa hataki muvi, alikuwa anataka jina. Tatu, muvi hiyo moja isiwe ya ndoo kurudi. Iwe nyumba nyingine, sauti nyingine, mtu mwingine. Nyumba za kupanga Dar zina sauti ngapi usiku? Kuna paa la bati linalokanyagwa. Kuna redio ya jirani inayowaka umeme ukiwa umekatika. Na yule dada wa chipsi alipwe safari hii, na iandikwe kwenye mkataba.

Na anayeburuza ndoo asionekane. Kamwe. Hata dogo mwenyewe akimjua ni nani, abaki naye.

Kwa wadau wa kwenye komenti nao kuna la kwao. Ile "Part 2 lini?" inaandikwa kwa mapenzi, hakuna anayebisha. Lakini mdhamini anaisoma tofauti. Yeye anasoma kwamba watu watanunua chochote chenye jina hilo, na ndio maana alifika Manzese na mkataba badala ya kufika na swali. Mtu akiipenda kazi anaweza kuuliza "una nyingine?" Maneno mawili tu. Hayo yanamwambia aliyebuni kwamba kinachopendwa ni kichwa chake, na kichwa hakiuzwi pamoja na ndoo.

Taarifa za mwisho kutoka Manzese ni kwamba dogo kaomba wiki moja ya kufikiria. Mdhamini kampa siku tatu.

Wadau, dogo asaini au asisaini? Na ni muvi gani ya kutisha ambayo ungetamani ingeishia part 1? Komenti ziko wazi hapo chini, matusi hapana.